Haikati, Inapanda: Hotuba Kuhusu Meli za Kuvunja Barafu

Hii ni hotuba niliyoitoa Mombasa mbele ya wanafunzi wa uhandisi wa meli, mafundi na manahodha wastaafu. Waliokosa wameiomba, nami nimeiandika yote jinsi ilivyosemwa. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiacha. Palipokuwa na mchoro, nimejitahidi maneno yatoshe.

Wazee wetu manahodha, walimu, mafundi wa chelezoni, na ninyi wanangu mliokaa huku mbele na madaftari yenu: salaam aleikum, na habari za asubuhi.

Najua mnachojiuliza. Barafu na Mombasa, wapi na wapi? Basi nitaanza na meli ya Kiafrika.

Tarehe 5 Machi 2022, katika Bahari ya Weddell kule Antaktika, chombo cha kuchunguza chini ya maji kilikuta meli ya mbao imekaa wima sakafuni mwa bahari, kina cha mita 3,008. Tezini, yaani upande wa nyuma wa meli, jina lilikuwa bado linasomeka: Endurance. Ni meli ya Ernest Shackleton, msafiri mashuhuri wa Antaktika, iliyobanwa na barafu ikavunjika, ikazama Novemba 1915. Magazeti ya dunia nzima yaliandika. Lakini wangapi humu ndani waliambiwa ni meli gani iliyowafikisha watafutaji mpaka pale? Naona mikono miwili tu. Ni S.A. Agulhas II, meli ya serikali ya Afrika Kusini, na bandari yake ni Cape Town.

Meli mbili, bahari moja, barafu ya aina moja. Moja ilivunjwa. Nyingine iliingia, ikafanya kazi, ikarudi nyumbani. Kwa nini?

Mwenye haraka atasema: ya kwanza ilikuwa ya mbao, ya pili ni ya chuma. Haya. Mwaka 1934 meli ya Kisovieti iliyoitwa Chelyuskin, ya chuma, mpya kabisa, imetoka kuundwa Denmark mwaka uliotangulia, ilibanwa na barafu Bahari ya Chukchi ikazama. Watu 104 walibaki juu ya barafu kwa wiki kadhaa mpaka ndege zikaja kuwachukua. Chuma hicho! Na miaka arobaini kabla yake, meli ya mbao ya Mnorwe Fridtjof Nansen, Fram, ilijiingiza makusudi ndani ya barafu mwaka 1893, ikachukuliwa na mkondo, ikatoka salama mwaka 1896. Mbao hizo!

Kwa hiyo chuma peke yake hakitupi jibu. Tutafute kwingine.

Nimekuja na kipande cha chaki. Nakisimamisha baina ya viganja vyangu, hivi, nabonyeza. Mnaona? Nabonyeza kwa nguvu zangu zote za uzee na hakivunjiki. Sasa nakishika ncha mbili, nakipinda kidogo tu. Ta! Mmesikia wenyewe.

Barafu ya bahari ni hivyo hivyo. Ukiisukuma kwa mbele, uso kwa uso, inastahimili mara kadhaa kuliko ukiipinda. Basi ukija na omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, lililosimama wima, hata uwe na injini za namna gani, umechagua kupigana na barafu pale ilipo na nguvu. Ukija na omo lililolala, lenye mteremko, unaipanda. Uzito wa meli unaikandamiza barafu kwa juu, barafu inapindika, inakatika. Haikati, inapanda. Wanangu, mkisahau mengine yote leo, shikeni hilo: haikati, inapanda.

Turudi kwa Fram, maana pale umbo linaonekana waziwazi. Nansen alimpa kazi Colin Archer, muundaji wa vyombo kule Larvik, na meli ikashushwa majini mwaka 1892. Archer aliiunda fupi na pana, mita 39 kwa 11 hivi, ubavu umeviringika, chini hamna mkuku, ule uti wa chini wa meli, wa kujitokeza wala kona ambayo barafu ingepata pa kushika. Usukani na propela vilipandishwa juu ndani ya kisima chake barafu ilipokaribia. Barafu ilipobana kutoka pande mbili, iliteleza chini ya tumbo la meli na kuinyanyua. Wazee waliokulia Lamu na Pate, ninyi mnajua tofauti ya chombo chenye tumbo na chombo chenye ubavu ulionyooka. Fram ilikuwa na tumbo.

Na Endurance? Hapa pana jambo linaloniuma kama mhandisi. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba ilikuwa miongoni mwa meli za mbao zenye nguvu kupita zote, ikakosa bahati tu. Profesa Jukka Tuhkuri wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, mtaalamu wa barafu aliyekuwemo kwenye msafara ule wa 2022, akaketi akakagua michoro, shajara na barua. Mwaka 2025 akatoa matokeo. Mihimili ya sitaha na mataruma, yaani mbavu za meli, yalikuwa dhaifu kuliko ya meli nyingine za ncha za dunia za wakati ule. Chumba cha injini kilikuwa kirefu, kikaacha sehemu kubwa ya bodi bila kitu cha kuikaza. Mihimili ya mshazari, ile inayozuia ubavu usibonyee ndani, haikuwepo. Na kinachouma zaidi: Shackleton alijua. Yeye mwenyewe aliwahi kumshauri Mjerumani Filchner atie mihimili hiyo kwenye meli yake, Deutschland. Filchner akatia, na Deutschland ikabanwa miezi kwa miezi ikatoka nzima. Endurance ikaenda bila.

Sijui kama ilikuwa fedha au haraka, na siku nyingine tutabishana. Tuendelee.

Fram ilijua kukwepa kubanwa, lakini haikuvunja njia. Aliyeanza kuigeuza hekima hiyo ya mteremko kuwa silaha alikuwa mfanyabiashara wa Kronstadt, Urusi, jina lake Mikhail Britnev. Mwaka 1864 alichukua kimeli chake cha moshi, Pilot, akalikata omo lake kwa mteremko wa nyuzi 20 hivi ili lipande juu ya barafu. Ni hilo tu. Hakununua injini mpya. Kimeli kikaongeza majuma ya kusafiri baina ya Kronstadt na bara, mwanzo wa majira ya baridi na mwisho wake. Majira ya baridi ya 1871 Hamburg ilipofungwa na barafu, Wajerumani walikuja kununua michoro ya mtu huyu. Wahandisi wa serikali walikuwepo, vyuo vilikuwepo, na jibu likatoka kwa mwenye biashara ya kuvusha watu!

Sasa aje admirali. Stepan Makarov alitaka meli ya kwenda baharini kabisa, kwenye barafu ya kaskazini, si ya kufagia mlango wa bandari. Ikaundwa Newcastle, Uingereza, na kiwanda cha Armstrong Whitworth, ikapewa jina Yermak, ikashushwa majini 1898. Machi 1899 iliingia Kronstadt ikipasua Ghuba ya Finland iliyoganda, na watu walitoka kuitazama wakiwa wamesimama juu ya barafu yenyewe.

Halafu ikaenda Spitsbergen, kisiwa cha mbali kaskazini mwa Norwe, nako mambo yakageuka. Yermak ilikuwa na propela tatu nyuma na moja mbele, chini ya omo. Ile ya mbele haikuwa wazimu. Vivuko vya Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini vilikuwa nayo na vilifanya kazi vizuri sana: propela ya mbele inavuta maji kutoka chini ya barafu, barafu inakosa pa kuegemea, inakatika mapema, na maji yale yanaosha ubavu na kupunguza msuguano. Lakini barafu ya maziwa ni ya mwaka mmoja. Barafu kongwe ya kaskazini ni nene na ngumu, ikafika mpaka kwenye propela ile. Bodi nayo ikapasuka mbele. Meli ikarudishwa Newcastle, propela ya mbele ikaondolewa, omo likaundwa upya. Wapinzani wa Makarov walifurahi, kama wapinzani wanavyofurahi popote.

Naomba mlishike jambo la propela ya mbele. Nitalirudia, na nitawashangaza.

Hata hivyo Yermak haikukaa bure. Manowari ya Kirusi ilikuwa imekwama kwenye mwamba kisiwani Gogland, Ghuba ya Finland, na fundi Alexander Popov alikuwa ameweka pale mitambo ya simu ya upepo. Mapema mwaka 1900 ilipokelewa habari kwa njia hiyo kwamba wavuvi wamechukuliwa na kipande cha barafu, na Yermak ikatoka ikawaokoa. Meli ile iliendelea na kazi mpaka miaka ya 1960. Makarov mwenyewe alikufa Port Arthur mwaka 1904, manowari yake ilipogonga bomu la majini.

Tuingie chumba cha mitambo. Hapa najua baadhi yenu mlikuwa mnangoja.

Mkiulizwa injini ipi inafaa kuvunja barafu, mtasema yenye nguvu za farasi nyingi. Nami nitauliza: nguvu hizo zinapatikana lini? Injini ya dizeli iliyofungwa moja kwa moja kwenye shafti, ule mtaimbo unaozungusha propela, inatoa nguvu yake ikiwa kwenye mwendo wake. Sasa bonge la barafu la tani kadhaa limepita chini ya tumbo likaingia kwenye propela. Propela inapunguza kasi ghafla, pengine inasimama kabisa. Dizeli inakohoa na kuzima. Mota ya umeme haifanyi hivyo. Mota ya umeme inatoa nguvu kubwa ya kuzungusha hata propela ikiwa imesimama. Inasukuma mpaka bonge lipasuke. Ndiyo maana Waswidi walipounda Ymer, ikaanza kazi mwaka 1933 ikiwa na dizeli zinazozalisha umeme na umeme unaoendesha mota, wengine wengi wakafuata mkondo huo. Na propela za meli hizi mara nyingi mapanga yake hufungwa kwa bolti, moja moja. Likivunjika moja unabadilisha hilo hilo. Mnaona fikra? Muundaji anakubali tangu mwanzo kwamba siku moja litavunjika.

Mfano mzuri, na wa kusikitisha kidogo, ni Polar Star ya Walinzi wa Pwani wa Marekani. Iliingia kazini 1976. Ina dizeli za mwendo wa kawaida na matabo ya gesi, yaani injini za mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto, ya nguvu za farasi 75,000 kwa siku ngumu, na propela tatu. Inaweza kwenda bila kusimama kwa noti 3, yaani maili 3 za baharini kwa saa, kwenye barafu ya mita 1.8. Ikikutana na ukuta wa barafu inarudi nyuma, inachukua mbio, inapanda, inarudi nyuma tena, na kwa kugonga hivyo inaweza kupita penye mita 6.4. Kila mwaka kazi yake kuu ni kufungua njia ya kituo cha McMurdo, Antaktika. Dada yake, Polar Sea, alikufa injini mwaka 2010, na tangu hapo amekuwa akichunwa vipuri ili huyu mmoja aendelee kutembea. Januari 2019, njiani kuelekea McMurdo, maji yalianza kuingia kupitia sili, yaani kizibo cha shafti. Ilibidi wazamiaji wavae, washuke kwenye maji yale ya barafu, wakaizibe kwa nje. Hebu wazia wewe ndiye fundi wa zamu siku hiyo!

Na mafuta je? Meli ikifanya kazi kaskazini mwa Siberia, mbali na kila ghala, mafuta yanaamua safari ina siku ngapi. Hapo ndipo Wasovieti walipochukua nyuklia. Lenin ilishushwa majini 1957, ikaanza kazi 1959, meli ya kwanza duniani ya juu ya maji kuendeshwa kwa kinu cha nyuklia. Leo ni makumbusho Murmansk. Tarehe 17 Agosti 1977, Arktika ikawa meli ya kwanza ya juu ya maji kufika Ncha ya Kaskazini yenyewe.

Jina hilo limerudi kwenye Arktika mpya iliyoanza kazi 2020, urefu mita 173, mota zake zina megawati 60. Nguvu hizo zinasifiwa sana. Mimi ninachokipenda ni farumi zake. Baharini inataka uzito, basi inajaza maji kwenye tanki na kuzama hadi mita 10.5. Ikitaka kuingia midomo ya mito ya Siberia, Ob na Yenisei, ambako maji ni machache, inamwaga maji na kuinuka hadi mita 8.65 hivi. Zamani zilihitajika meli mbili tofauti kwa kazi hizo. Msidhani hata hivyo kwamba ilikuwa harusi tupu: kabla ya kukabidhiwa, mota mojawapo iliungua kwenye majaribio, na ikaanza kazi ikiwa na nguvu pungufu.

Sasa ile propela ya mbele. Mmeisahau? Mimi sijaisahau.

Mwaka 1990 Wafini walikuwa na meli ndogo ya kuhudumia njia za maji, Seili. Wakaifungia kitu kipya: mota ya umeme imewekwa ndani ya ganda chini ya tezi, nje ya bodi, propela imefungwa kwenye ganda hilo, na ganda lote linazunguka duara kamili. Wakaliita Azipod. Usukani hauhitajiki tena. Unageuza ganda lenyewe. Wakagundua jambo: ikirudi nyuma kwenye barafu, meli inakwenda vizuri kuliko ikienda mbele.

Kwa nini? Wanangu, kwa nini? Kwa sababu meli inayorudi nyuma, propela yake iko mbele! Inavuta maji chini ya barafu, inaosha ubavu, inatafuna sehemu ya chini ya rundo la barafu. Yale yale ya Makarov na ya vivuko vya Amerika. Zamani kurudi nyuma kwa muda mrefu hakukuwezekana kwa sababu usukani wa kawaida haushiki vizuri ukirudi nyuma, na barafu inauvunja. Ganda linalozunguka likaondoa kizuizi hicho, na chuma chake kikatengenezwa kwa kipigo cha barafu tangu mwanzo. Admirali alikuwa sahihi kuhusu maji. Vyuma vya zama zake ndivyo vilivyomwangusha.

Fikra hiyo ikazaa meli zenye sura mbili. Tempera ya 2002 na Mastera ya 2003, meli za mafuta zilizoundwa Japani kwa ajili ya Finland, zina omo la bahari ya wazi na tezi la kuvunja barafu. Hali ikiwa nzuri zinakwenda mbele. Barafu ikizidi zinageuka na kwenda kinyumenyume. Mwaka 2017 ikaja Christophe de Margerie, meli ya kubeba gesi iliyogeuzwa kuwa kimiminika kutoka Sabetta, bandari ya kaskazini mwa Siberia, urefu mita 299, maganda matatu, megawati 45, na inapita barafu ya mita 2.1 bila kutanguliwa na meli nyingine ya kuvunja barafu. Na wapo waliokwenda mbali zaidi. Baltika ya 2014 ina bodi isiyolingana, ubavu mmoja umelala kuliko mwingine, ili ijipindue ikaenda kimshazari na kufungua njia pana kuliko upana wake yenyewe. Mara ya kwanza kuona mchoro wake nilidhani mchapaji amekosea.

Sasa gharama. Hakuna umbo lisilo na deni.

Lile tumbo lililoviringika, lisilo na mapezi ya ubavuni, likitoka kwenye barafu na kuingia bahari ya wazi linakwenda mrama vibaya. Muulize baharia yeyote wa meli hizi. Omo lililolala linapiga mawimbi. Rangi ya kawaida inachunwa na barafu siku ya kwanza, ndiyo maana zimetengenezwa rangi ngumu za epoksi ambazo pia hupunguza msuguano. Matundu ya kuingiza maji ya kupoza mitambo yanazibwa na tope la barafu, kwa hiyo maji ya moto yaliyokwisha kupoza injini yanarudishwa pale kuyeyusha. Na chuma chenyewe lazima kiwe cha kustahimili baridi, maana chuma cha ovyo kwenye baridi kali hukatika bila kuonya.

Turudi Cape Town basi. S.A. Agulhas II iliundwa Rauma, Finland, ikakabidhiwa 2012. Urefu mita 134, daraja la tano kati ya madaraja saba ya meli za ncha za dunia, na la kwanza ndilo kali kuliko yote. Inakwenda noti 5 kwenye barafu ya mita moja. Si jitu. Lakini kazi yake ni ngumu kwa namna nyingine: kutoka Cape Town kwenda Antaktika inavuka Bahari ya Kusini, na bahari ile haina huruma. Abiria wamelalamika juu ya tezi lake: mawimbi yakija kwa nyuma yanalipiga kwa chini, meli nzima inatetemeka, watu wanaamka usiku.

Nani anayelichunguza jambo hilo? Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Tangu meli ilipokabidhiwa, watafiti wake wakishirikiana na wenzao wa Finland wamefunga vipima mtetemo na vipima mkazo mwilini mwake: kwenye mataruma, kwenye mabamba ya omo, kwenye shafti. Kila bonge linalogonga propela linaandikwa. Wanapanda meli, wanakaa na mitambo yao kwenye baridi, wanarudi na takwimu. Na kazi haijaisha, maana barafu haigusi bodi sawasawa. Inagusa kwa mstari mwembamba, hapa na pale, na mahesabu ya mzigo huo bado yanahitaji vipimo kutoka meli halisi inayogongwa kweli. Vipimo hivyo vinachukuliwa na vijana wa Kiafrika, juu ya meli ya Kiafrika, sasa hivi.

Waliosoma mitetemo na uchovu wa vyuma muhula uliopita, swali la kwanza litoke kwenu. Naam, wewe wa dirishani, anza.